Mama Angèle Nkulu, Aliyeifundisha Mashine Kuuliza

Tarehe 30 Juni Mama Angèle Nkulu anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa katika kituo chetu cha homeopatia, tiba ya chembe ndogo tamu, hapa Manika. Wafanyakazi wameniomba mimi, dada wa mgonjwa wake mmoja, niandike maneno haya.

Alitoka Musumba akiwa kijana, akaanza kwa kuosha vichupa. Baadaye alijifunza kumsikiliza mgonjwa saa nzima: analala upande gani, anaogopa nini, anaota nini. Mfanyabiashara mmoja wa Tenke alikuja na kikohozi, akasimulia ugomvi wote wa shemeji zake, akasema amepona kabla ya kupewa hata chembe moja ya dawa.

Alikuwa mkali juu ya sharti lililoandikwa ukutani: anayetumia chembe zetu asinywe kahawa, asile peremende za minti, asichanganye na vidonge vya dukani. Tata Zéphirin, mlinzi, naye akitumia chembe hizo, alikunywa kahawa yake nyuma ya tangi la maji. Kila mtu alijua, isipokuwa Mama Angèle.

Mwaka jana ililetwa kompyuta ndogo yenye akili bandia. Humuuliza mgonjwa maswali, kisha hupendekeza chembe, au humtuma hospitali ikiona hatari. Mama Angèle hakuinunia. Aliifuta vumbi kila asubuhi na kuiita "stagiaire wangu", kama mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi.

Mwezi wa pili mwaka huu, mama yetu alimleta mdogo wangu Jémima, mwenye miaka minne, amebebwa mgongoni, amelegea. Mashine iliuliza kama ana homa. Mama yetu akajibu hapana. Ikapendekeza chembe za uchovu. Mama Angèle alishika kichupa, akamtazama mtoto, akakirudisha.

"Hapa hakuna polisi, mama. Sema tu, ulimupa nini?"

"Kidonge cha homa, asubui. Niliogopa mutatufukuza."

Kumbe kidonge kilikuwa kimeficha homa; Mama Angèle aliingiza jibu hilo kwenye mashine. Papo hapo ikaandika: hospitali, sasa hivi. Hakubishana nayo, wala hakumgombeza mama. Aliwapandisha taxi-moto, pikipiki ya abiria, naye akafuata kwa nyingine. Ilikuwa malaria kali. Daktari alisema kufikia jioni tungekuwa tumechelewa. Siku ya nne Jémima aliomba uji, na nyumba nzima ikapumua.

Jumatatu iliyofuata Mama Angèle alichukua rangi nyeupe, akalifuta sharti lake mwenyewe ukutani. Alisema ndilo lililomfundisha mama yetu kuficha. Kisha akamwomba fundi aweke swali jipya, la kwanza kabisa, kwenye mashine: Umetumia dawa gani tayari? Hakuna atakayekugombeza. Tangu hapo watoto kumi na mmoja wametumwa hospitali mapema, na wote wamerudi nyumbani.

Asante, Mama Angèle. Kapumzike bila wasiwasi. Swali lako linabaki kazini. Mungu akupe siku nyingi njema, kama alivyomwongezea Jémima zake kwa mkono wako.

Mignonne Ngeleka, mwanafunzi wa sekondari