Ndoo ya Maji ya Mwalimu Benchi

Mchungaji, walimu, majirani, nanyi wanamichezo wa zamani mliojaa hadi nje ya uzio, mimi ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, na nimepewa kazi ya kusoma historia yake kwa sababu wanawe wamesema hawataweza, nami sijui kama nitaweza, lakini mkubwa akikutuma hukatai, hata kama amelala humo ndani.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa kwanza wa baba fundi cherehani na mama mkunga, na mama alikuwa akisema kwamba alizaliwa amekunja ngumi kama mtu aliyeshika filimbi, ingawa maneno hayo aliyaanza baada ya mwanawe kununua filimbi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo mtaani kuanzia 1959, akaendelea na sekondari, kisha akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1972.

Januari 1973 aliajiriwa na shule ya sekondari ya kanisa kufundisha hesabu na michezo, na huko akaweka masharti ambayo wengine hapa mnayakumbuka kwa maumivu: anayefeli darasani hachezi, anayekosa sala ya asubuhi hachezi, na anayemtolea refa lugha chafu hachezi mechi inayofuata, awe nyota awe nani, tena harudi nyumbani kujificha, anavaa sare na sweta la shule jua likiwaka, anakaa benchi na kuwabebea wenzake ndoo ya maji. Sheria ni msumeno, ndivyo alivyopenda kusema, na kweli siku moja mtoto wa mkuu wa shule alibeba ndoo, mkuu akanuna hadi muhula ukaisha, kaka yangu akapewa jina la Mwalimu Benchi, akalipokea kama cheo.

Alifunga ndoa kanisani tarehe 14 Agosti 1976 na shemeji yangu huyu, muuguzi, na wakajaliwa binti mwaka 1978 na vijana wawili baadaye.

Sasa nimefika mahali ambapo baadhi yetu tulitaka parukwe, na tulibishana sana sebuleni, kwa sababu ni aibu, na aibu ya mzee ni ya nyumba nzima. Lakini marehemu mwenyewe, akiwa kitandani hospitali, alituambia mficha maradhi kilio kitamuumbua, basi kilio kikifika someni, tena msome yote.

Mwaka 1996 binti yake alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya shule, akigombea nafasi hiyo na binti wa fundi wa kuchomelea mageti, na siku ya nusu fainali binti wa fundi alikuwa benchi na sweta lake, kwa sababu mechi iliyotangulia alimwambia refa akapimwe macho. Mpira ukatoka nje upande wa benchi, binti wa mwalimu akaufuata, akamtukana refa matusi ambayo siwezi kuyatamka mbele ya mchungaji, refa yuko mbali hakusikia, waliosikia ni wawili tu, kaka yangu na yule msichana mwenye ndoo. Msichana akamtazama mwalimu wake, akisubiri, na mwalimu wake akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Fainali ilikuja, na kwa masharti yale binti wa fundi ndiye aliyepaswa kucheza, lakini alicheza binti wa mwalimu, mbele ya wageni wa chuo waliotafuta mwanamichezo mmoja wa kumsomesha, akafunga, kombe likaja, na chuo kikamchukua. Kaka yangu alipigiwa makofi kanisani, akarudi nyumbani akakataa chakula, na kuanzia hapo kila Jumatatu wachezaji waliposimama kwenye sala kuyasema masharti kwa sauti moja, yeye alitoka nje akidai kikohozi.

Mwezi Mei 1997 alisimama katika sala ileile akasema yote, shule ikarudisha kombe, akaenda chuoni kuomba nafasi ihamishwe, akaambiwa masomo yameshaanza. Basi akavaa sweta la shule lililombana tumbo, msimu mzima akabeba ndoo, watoto wakacheka wiki ya kwanza, kisha wakaacha kucheka. Alikwenda pia karakana kumwomba radhi yule msichana, aliyekuwa ameanza kazi na baba yake, naye akamsikiliza bila kuvua miwani ya kuchomelea, akamjibu kwamba amesikia, ila geti la mtu linasubiriwa. Binti yake naye alikaa miaka bila kuzungumza naye, akimlaumu kwa kumwaibisha, na marehemu hakuwahi kumlalamikia hata mmoja wao.

Alistaafu mwaka 2011. Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa kwa subira kubwa, akawa anawakaripia wagonjwa wenzake waliowafokea wauguzi, na asubuhi ya Jumanne tarehe 13 Juni 2023 akafariki, binti yake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, walimu wenzake, na wanafunzi wake wote, waliocheza na waliobeba ndoo.

Tunamshukuru pia fundi mmoja ambaye hatukumwita. Jana geti letu liling'oka bawaba kwa wingi wa watu, gari la jeneza lisingeweza kuingia, na mtu fulani akaenda karakana ya jirani bila kujua anamleta nani, akaja mama mwenye miwani ya kuchomelea, akauliza msiba ni wa nani, akaambiwa, kisha akawasha mashine akafanya kazi. Binti wa marehemu alimwona kutoka dirishani, akatoka na ndoo ya maji na kikombe, akasimama juani kando yake mpaka kazi ikaisha, na yule mama akavua miwani, akanywa, akaomba aongezewe.

Kaka, umekaa benchi vya kutosha. Vua sweta, ukapumzike kwa amani.