Kilo Kumi na Nane na Nusu za Mzee Mizani

"Gesi ni hewa tu. Fungua vali, itajiendea." Hiyo ndiyo falsafa ya mtunza stoo wetu, na ameihubiri kwa miaka yote thelathini na mmoja ambayo fundi wetu mkuu wa viyoyozi amefanya kazi hapa. Fundi huyo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, nami nimeombwa nimuage kwa upole. Upole nitaanza kesho. Hewa gani hiyo, ndugu yangu, inayounguza vidole kwa baridi, inayomkata mtu pumzi chumbani, na ikishatoroka inazidi kuipasha dunia joto?

Tulimwita Mzee Mizani kwa sababu hakugusa kiyoyozi bila mizani yake pembeni. Anaunganisha hozi, ile mipira ya gesi, anawasha mashine ya kuvuta gesi iingie mtungini, anapandisha mtungi kwenye mizani, kisha anaukodolea macho kama nesi anayepima kichanga. Ukifika asilimia themanini anasimamisha, maana mtungi uliojaa pomoni ukipata joto unaweza kupasuka. Siku moja mkurugenzi alimjia juu, suti imelowa, akitaka gesi imwagwe upesi ili kikao kiendelee. Mzee hakuinua hata macho. "Mkuu, jasho litakauka. Nipe dakika ishirini." Mkurugenzi akangoja, akijipepea kwa ajenda.

Mkewe anasema nyumbani hata mtungi wa kupikia hupimwa kila Jumapili, na mashemeji wakija na mizigo wanajua watapitia mizanini.

Malaika hakuwa. Miaka kumi na moja iliyopita alivuta gesi ya jokofu la kantini akaiingiza kwenye mtungi wenye gesi ya aina nyingine. Mchanganyiko huo haufai tena kwa mashine yoyote. Unangoja kupelekwa kuteketezwa kitaalamu. Mtunza stoo akamshauri aufungulie nyuma ya uzio, nani atajua? Mzee akachukua rangi nyekundu, akaandika ubavuni: MCHANGANYIKO. KOSA LANGU. USIFUNGUE. Tangu hapo kila Jumatatu huupima na kuandika uzito ukutani, na ukuta mzima unasema neno moja: kilo kumi na nane na nusu, yaani hakuna kilichovuja. Sijawahi kuona kosa lililotunzwa vizuri hivyo. Mimi ya kwangu huwasingizia wenzangu.

Barua zake sita za kuomba mtungi uchukuliwe bado zimelala ofisi ya utawala. Na wiki hii mtunza stoo ameomba kona unapokaa mtungi huo, eti aweke viti.

Mzee Mizani, asante kwa kila gramu uliyoizuia. Nenda ukapumzike, ule, ucheke, unenepe, mizani unayo.

Nanyi mafundi wawili mnaobaki: Jumatatu saa mbili asubuhi, pandisheni ule mtungi, muandike ukutani. Mtunza stoo, wewe utashika kalamu. Nitapita na miwani yangu, na nataka nisome kumi na nane na nusu.