Sajini Lambert Bosongo na Mfuko Uliopungua Mawe

Ndugu, majirani na askari mliojaa hapa Kabondo, ninyi mlimjua kama sajini mkali, sisi nyumbani tulimwita yaya, yaani kaka mkubwa, na familia imemtuma mdogo wake Faustin, ndiye huyu anayesema nanyi, awasomee maisha yake, naye hatajificha humu ndani, atajitaja kwa jina.

Lambert Bosongo alizaliwa Isangi tarehe 3 Aprili 1929, mtoto wa kwanza wa Papa Daudi, mvuvi, na Mama Félicité, akasoma kwa mapadri hadi mwaka 1944, akaingia jeshini hapa Kisangani tarehe 1 Februari 1947, akamwoa Angélique tarehe 14 Juni 1952, wakazaa Micheline na Hubert.

Mwaka 1954 alipewa kazi ya kuchagua na kufundisha peloton, kikosi kidogo, ya upelelezi, watu thelathini tu kati ya mia mbili, na kipimo kilikuwa kilomita arobaini kwa miguu, barabara ya Buta, kilo ishirini za mawe mgongoni, mfuko ukijazwa jioni kambini na kupimwa mwisho wa safari. Jioni ya tarehe 11 Agosti Faustin, naye askari aliyetaka kuchaguliwa, alipita nyumbani kuaga akiwa na mfuko wake, akaenda kuoga, na Mama, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, akatoa nusu ya mawe, akapanga kwanga, ule mkate wa muhogo unaofungwa kwa majani, mahali pake. Kesho yake Faustin aliikuta njiani, akadhani ni nyongeza, akala, akagawia wenzake, akafika wa kwanza, eh, mbio kabisa! Lambert alipima mfuko, akaona jani la kwanga, akajua ni mkono wa nani, akafuta jina la mdogo wake bila kueleza, kwa sababu angeeleza, kambi nzima ingemcheka Mama. Bon, Faustin alisema ni wivu, na kwa miaka mitatu na nusu hakumsalimu, hata ubatizo wa Hubert hakwenda.

Januari 1958 Lambert alishikwa na ugonjwa wa ini, na tarehe 15 Machi Mama, akiona mwanawe anaisha, alimkiria Faustin yote. Faustin alikimbia hospitali siku hiyo hiyo kuomba msamaha, na yaya akamwuliza tu kama ile kwanga ilikuwa imeiva vizuri, Faustin akalia. Lambert alifariki tarehe 17, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka ishirini na minane.

Tunawashukuru waganga na masista waliomwuguza, majirani waliopika na kukesha nasi, na askari wa peloton yake waliobeba jeneza, wakampa Faustin nafasi ya mbele, ingawa hakuwahi kuwa mmoja wao.

Pumzika kwa amani, yaya.