Nyongeza ya Chumvi Haionekani

Benchi la Mama Birika, muuza kahawa, liko chini ya dirisha la maabara ya chuo, na hapo mtandao wa maabara unashika vizuri kuliko ndani ya maabara yenyewe. Ndiyo maana asubuhi hiyo mwanafunzi mmoja wa utafiti alikuwa ameweka laptopu juu ya kreti, kashika kichwa. Kijiwe kilimbandika jina la Chumvi kwa sababu ya fuwele anazootesha kwenye friji, ndogo kama punje za chumvi. Profesa alitaka kuona picha ya fuwele mojawapo, atomu kwa atomu, kabla ya chakula cha mchana. Asipoiona, zamu ya Chumvi kwenye mashine ya eksirei ingekwenda kwa mwingine. Programu kuu ilishapiga hesabu zote. Kilichobaki ni kuchora, na kuchora ni kazi ya nyongeza, programu ndogo iliyotengenezwa na watu wengine kabisa.

— Inaniuliza nyongeza iko wapi, — alisema Chumvi. — Mimi nimeshaweka alama kwenye kisanduku, “tumia nyongeza”. Sasa inasema haioni.

— Haioni, au haitaki kuona? — aliuliza Volti, fundi redio.

— Kaka Volti, leo sina muda wa utani.

— Sitanii, mdogo wangu. Gusa hapa chini. Moto! Kitu kidogo kikibanwa na joto kinajificha pembeni. Mimi redio zimenifundisha.

— Acha kumpoteza mtoto wa watu, — alidakia Randa, seremala. — Tatizo ni mlango. Nyongeza imetengenezwa na wengine, na vipimo vyao ni vingine. Mimi kabati langu lililala nje kwa mteja mpaka likanyeshewa, kisa mlango.

— Kwa hiyo nifanyeje?

— Punguza. Tazama jina la hiyo folda, refu kama treni. Nani atapita hapo?

Chumvi alijua huo ni upuuzi. Lakini jua lilikuwa linapanda. Akafupisha jina la folda, akabonyeza tena.

“Nyongeza haikupatikana.”

— Ongeza kahawa, Mama, — alisema.

Mama Birika akamimina, akachungulia kioo.

— Nyie wanaume ugeni hamuujui. Hicho kiumbe kimetoka kwa watu, kimeingia nyumba ya mwenye nguvu zake, halafu juu yake mmeandika nini hapo?

— “Ya hiari,” — alisoma Chumvi.

— Haya! Mkwe akifika ukamwambia kukaa kwake ni kwa hiari, atavua viatu?

— Kwa hiyo imenuna? — aliuliza Randa.

— Imenuna. Tena iko nyuma ya mlango inatusikiliza.

— Si nilisema iko pembeni? — Volti alisimama. — Dawa ni kuinamisha. Itateleza yenyewe. Randa, shika huku.

Chumvi akafungua mdomo akatae, kisha akajikuta anasogeza kikombe kuwapisha. Wanaume wawili waliinua laptopu, wakailaza upande wa kushoto.

— Polepole jamani! — alipiga kelele. — Ina atomu zangu humo!

Hapo akatokea mleta gesi, na mtungi wa jiko la Mama Birika begani. Akautua, akawatazama.

— Mnatafuta nini?

— Nyongeza! — walijibu wote.

— Aliileta nani?

Volti akamtazama Randa. Randa akaitazama laptopu mikononi mwake. Chumvi akaitazama ile alama aliyoiweka tangu asubuhi. Iliandikwa “tumia”. Haikuandikwa “leta”.

— Mimi nilijua ni wewe, Volti, — alisema Randa.

— Mimi? Mimi niko kwenye joto.

Mleta gesi hakungoja jibu. Alikuwa ameshainama anafunga mpira wa jiko.

Chumvi aliwanyang'anya laptopu, akafungua ukurasa wa wenye nyongeza yao, akaishusha kutoka mtandaoni, akaionyesha programu kuu ilipo. Skrini ikatulia. Kisha fuwele ikajitokeza, vidude vya mviringo vimeshikana kwa vijiti, ikaanza kuzunguka taratibu.

— Hako kamguu kamepinda, — alisema Randa.

— Joto hilo, — alisema Volti.

Dirisha la juu likafunguliwa. Kichwa cha Profesa kikatokea.

— Picha vipi?

— Iko, Profesa! — Chumvi aliinua laptopu kwa mikono miwili, kama anayeonyesha mtoto mchanga.

Profesa alivaa miwani, akaangalia kwa muda.

— Nzuri. Zamu ni yako. — Kisha akaongeza, — Ila atomu zote za kijivu. Si nasikia kuna nyongeza ya rangi?

Mama Birika aligeuza birika juu chini. Halikutoa hata tone.

Volti akakunja mikono ya shati.

— Randa, — alisema, — shika huku.