Fundi Mshamu na Taa za Chini ya Kabati

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Fundi Mshamu Mtoro anastaafu tarehe 31 Machi 1956. Karakana yetu ya Utete inabaki na mafundi wawili, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake ndiye anayejua umeme.

Alianza mwaka 1927 akifuta vioo vya taa za mafuta. Baadaye alijifunza nyaya Dar es Salaam kwa miezi minne, akarudi na cheti na koti ambalo mpaka leo halijamtosha. Alipotumwa Mloka kutengeneza pampu, alirudi suruali imechanwa na ngiri. Ripoti yake ilitaja pampu tu.

Kazi yake iliyosemwa sana ni taa za jikoni katika nyumba ya ofisa mmoja wa Kizungu. Mpishi wa nyumba hiyo nilikuwa mimi, Sadala Kibwana, kabla sijahamia stoo ya karakana. Memsabu, mke wa ofisa, alilalamika kwamba mchuzi unanuka moshi. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba tatizo ni giza: kabati za ukutani zinatia kivuli mezani, sioni ninachopika. Kumbe memsabu ni mtu wa vitendo. Akaagiza taa zifungwe chini ya kabati.

Fundi Mshamu alipoinama kupima, alikuta kambare kumi na wanne wamening'inia pale kwenye misumari, kando ya meko. Kwetu samaki hukaushwa juu ya meko, nami sikuona kwa nini moshi wa serikali upotee bure. Alingoja niwashushe, akapitisha nyaya, akafunga globu nne ndani ya mikebe ya maziwa aliyoikata ubavu, ili mwanga ushuke mezani usimpige mtu machoni. Kazi safi kabisa. Alipoondoka niliwarudisha kambare misumarini, kwa kuwa mashine ya umeme ilikuwa mbovu na sikuwa na imani nayo.

Siku ya tatu Fundi akaiponya mashine. Jioni memsabu akaleta wageni jikoni waone, taa zikawashwa. Ziliwaka vizuri mno. Kila kambare alionekana mpaka sharubu.

Nilikuwa na watoto sita na nyumba ya kazini. Kabla sijafungua mdomo, Fundi Mshamu alisema, "Wangu hao, memsabu. Nimewasahau nikifunga taa."

Kwa kusahau huko aliandikiwa barua ya onyo, na unyapara uliokuwa umfikie mwezi uliofuata akapewa mwingine. Nililia, lakini nilinyamaza. Miaka saba nimenyamaza, nikila mshahara.

Fundi, kwa kila taa na kila pampu, ahsante. Nenda Mkongo ukalime mpunga na mkeo Bi Mwantumu, Mungu akupeni afya, nguruwe wawapitie mbali. Na kwa kuwa wakubwa wetu husoma karatasi za kuagana kama hii kabla ya wageni wa sherehe kuketi, naomba nisomwe sawasawa: samaki walikuwa wangu. Mimi ningali kazini. Barua ile itolewe kwenye jalada lake, iwekwe kwenye langu.