Mti wa Flaviana Umepukutika

Kijiwe cha Kurasini, nyuma ya yadi ya makontena, kina benchi moja, dele la kahawa la Hamisa, na ubishi usioisha. Asubuhi ile Albano, mchonga vinyago wanayemwita Mpingo, alifika bila hata salamu, simu kaikamata kwa mikono miwili. Kwenye aplikesheni ya benki yake kuna mti. Mwenye simu akilipia gesi, unachipua. Akilipia mkaa, unapukutika. Aliambiwa aupe jina, akaupa la marehemu mkewe, Flaviana. Miezi minne ulistawi, wee, acha! Leo umebaki majani matatu, na roho yake iko juu juu.

— Jamani, Flaviana ananifia mara ya pili! Gesi iliisha jana, nikanunua mkaa. Sado moja tu!

— Na simu imejuaje? aliuliza Nassibu, kuli wa bandarini, maarufu kama Kontena.

— Ndo ninachoshangaa mie! Wakati wa kupika niliifunga kwenye mfuko wa nailoni, isisikie moshi.

— Nailoni? Ungeifukia kwenye unga! Hizi simu zinanusaga.

— Kwa pua ipi? Hamisa alicheka huku akimimina.

— Tundu la chaji, hilo! Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu.

— Toka hapa! Hamisa alimkatiza. Ni setilaiti. Inahesabu majiko ya Temeke nzima. Ukipuliza tu, umeonekana. Mficha uchi hazai!

Albano alitikisa kichwa.

— Ni yeye mwenyewe. Hakupendaga moshi. Kifua kilimsumbua mpaka anaondoka.

Kontena alivua kofia.

Hapo ndipo alipopita Maliha, binti wa benki, kitambulisho shingoni, anazunguka kuwauliza wateja kama aplikesheni inawafaa.

— Shikamooni.

— Marahaba. Hebu tuamulie, mwanangu. Simu imejuaje nimenunua mkaa?

— Mzee, ulilipia kwa simu?

— Eeh, sikuwa na chenji.

— Basi ndiyo hivyo.

Hamisa alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Albano hakucheka.

— Nani alisema majani yaanguke?

— Mimi, mzee. Nimeuchora mwenyewe.

Albano alimtazama kwa mshangao, binti mdogo vile, kisha akamweleza Flaviana ni nani. Maliha machozi yalimlengalenga.

— Haufi, mzee. Rudi kwenye gesi, majani yatarudi. Ukikomaa, benki inapanda wa kweli, popote utakapotaka, na jina lake.

— Wa kweli? Wenye mizizi?

— Wenye mizizi. Yeye alikuwa anapenda mti gani?

Albano aliutazama mti kwenye simu. Miaka thelathini alimpelekea magogo uani, mpingo, mninga, mkongo, naye akifagia vumbi lake. Alimgeukia Kontena, akamgeukia Hamisa. Hakuna aliyekuwa na methali.

— Sijui, mwanangu. Sikuwahi kumuuliza.