Klarineti ya Watu Watano

Laki mbili! Usinitajie tena laki mbili, Moubarak, wala usiniambie kwamba bwana wa Kinindo anayetaka kununua klarineti ameacha gari linanguruma nje. Liache lingurume, mafuta ni yake. Kaa chini, na hicho ulichoficha mfukoni ukiache humo mpaka nimalize. Assia, binti yangu, nisogezee mto mgongoni. Sikilizeni wanangu, msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo inatosha kusema mara moja tu.

Nyumba hii ya Buyenzi mgawane kama dini inavyosema, na shangazi yenu asitolewe chumbani mwake, ingawa miaka yote hii ameuita muziki wangu upuuzi wa walevi. Spana na jeki ni za Moubarak. Lakini klarineti haimo katika urithi.

Mi nilikuwa fundi wa magari. Padri mmoja aliniletea pikapu imekufa, nikaifufua, hela hana, akanipa klarineti yenye ufa. Sikuwa na mwalimu. Ule ulimi wa tete unaotetemeka nikauweka upande wa mdomo wa juu, nikapuliza hivyo miaka, mpaka mpiga tarumbeta mmoja wa harusini akaniona, akacheka hadi akakaa chini: "We Massoudi, unapuliza miguu juu!" Nilitaka kumpiga. Kisha nikaugeuza ulimi, nikaanza upya kama mtoto. Ndiyo maana kwangu mwanafunzi hachekwi. Anafokewa, ndiyo, majirani ni mashahidi, lakini hachekwi. Mwezi mzima namwachia domo la klarineti peke yake, kile kipande cha kutia kinywani, kinalia kama bata, mpaka bata huyo anyooshe sauti moja bila kuyumba. Na mzazi ambaye mtoto wake hana sikio namwambia kweupe mlangoni, mama, usinipe pesa yako bure.

Vita vikaja hapa Bujumbura, watu wakaanza kuulizana unalala mtaa gani kabla ya kuulizana hali. Nilibaki na wanafunzi watano, Mélissa wa Kinindo, Gaspard wa Kanyosha, na watatu wengine wa huku na kule. Humu humu sebuleni wakaanza kupeana migongo. Huyu akiingia, yule anakumbuka ana kazi kwao. Sikuhubiri, mi si mtu wa kuhubiri. Klarineti ina vipande vitano, nikaikongoa, kila mmoja nikampa kipande aende nacho kwao. Mélissa domo, Gaspard sehemu ya chini, na wale wengine vilivyobaki. Mmoja asipokuja, hakuna anayepiga.

Jumamosi moja Gaspard hakutokea, Kanyosha kulikuwa na risasi. Mélissa, ambaye alikuwa hata hamsalimu, akaniuliza: "Mwalimu, Gaspard ni mzima?" Nikamfokea, unamtaka yeye au unataka kipande? Akalia. "Vyote, Mwalimu." Wiki iliyofuata kijana akaja, kipande amekifunga tumboni chini ya shati, amepita nacho mbele ya wanajeshi. "Waliniuliza ni bomba la nini, nikasema la pumu." Wakacheka wote watano, na tangu siku hiyo sikuona tena mgongo wa mtu.

Nipe maji, Assia. Kidogo. Basi.

Sasa naumwa, na vipande viko kwao, ndiko ninakotaka viwe. Nawe, Moubarak, juzi ukaenda kwa Mélissa ukamwambia, "Mwalimu anakiomba kipande." Naye akakupa domo. Lini nilikutuma? Ungekuja ukasema, Baba, duka langu vita vimeliua, watoto hawajala, ningefoka lakini ningekuelewa, tungeuza kitanda hiki nikalala chini. Wewe umechukua jina langu, ambalo halijawahi kumdanganya mtu, ukamdanganyia binti wa watu, uanze na domo kisha uwazungukie wengine. Na unaniuliza, "Baba, kale kafilimbi kanatusaidia nini?" Leo ni Jumamosi. Alasiri hii wanakuja, wanne na vipande vyao, Mélissa mikono mitupu. Watamtazama. Watakumbuka anatoka mtaa gani. Hicho ndicho unachokiuza kwa laki mbili.

Assia, mlango huu ufungue kila Jumamosi. Hujui kupiga, najua, lakini una sikio; mwanafunzi akikosea mwambie, asipokuja muulizie. Mimi mnizike mapema, kabla ya saa ya marufuku ya kutoka nje, mtu asipigwe risasi kwa sababu ya maiti. Msimlipe mtu aje kunililia.

Mungu awape... subiri... Mungu awape kuzeeka. Awafikishe usiku wa kulala bila viatu miguuni, bila kungoja kukimbia. Wewe pia, Moubarak. Nimekuombea kama nilivyomwombea dada yako, sikupunguza.

Usitazame dirishani. Gari lake halinihusu.

Domo la klarineti. Hapa, mkononi mwangu. Toa.